Waziri wa Mabweni

Chiriku aliposhinda urais wa wanafunzi, dada yake alimkumbatia mbele ya watu, kisha akajifungia chumbani akalia. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyetangulia chuoni, tena alikuwa amegombea kiti hichohicho mwaka uliopita akaangushwa vibaya. Sasa mdogo wake akampa uwaziri wa mabweni. Wenzake wakamwita Mama Mabweni, naye akacheka nao huku roho ikimuuma.

Haukupita muda, pampu ya bweni la wasichana ikaungua. Wasichana wakawa wanapandisha ndoo ngazini hadi ghorofa ya juu, na hasira zikawapanda vilevile. Mama Mabweni aliwaandama mafundi mpaka akaupata ukweli: pampu mpya imeshafika, imezuiwa getini kwa kukosa sahihi ya mkurugenzi wa majengo. Chiriku alipomuuliza habari za pampu, dada mtu alimjibu kwa mkato, "Bado nafuatilia."

Siku ya baraza ukumbi ulifurika. Chiriku akasimama na ile sauti yake tamu. "Ndugu zangu, suala la maji tunalishughulikia..."

"Mnalishughulikia kwa mate?" msichana mmoja akadakia. Watu wakaangua kicheko, kisha wakaanza kuzomea.

Chiriku akababaika. Dada yake, pale kiti cha mbele, akaona raha ambayo hajaionja siku nyingi. Acha naye aangushwe, aone kunavyouma.

"Jamani, nisiwadanganye," Chiriku akasema. "Sijui pampu imefikia wapi. Anayeyajua haya ni dada yangu. Dada, njoo unisaidie."

Angekataa vipi mbele ya umati? Akapanda, akaeleza yote, akamaliza, "Mimi naenda kwa mkurugenzi sasa hivi. Anayetaka tuongozane, twende!"

Ukumbi mzima ukainuka. Mkurugenzi alipouona msururu mlangoni kwake, alitia sahihi bila hata kuketi.

"Rais wetu ana jicho!" wasichana wakashangilia. "Oneni mawaziri anaowachagua!" Wakambeba Chiriku juujuu.

Mama Mabweni akabaki pembeni. Chiriku akajinasua, akamjia akihema.

"Dada, ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

Chiriku akamshika bega. "Mwakani gombea wewe. Nitakupigia kampeni."

"Hebu niondokee hapa!"

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mtoto yule hakuwa anamkejeli. Alikuwa anamaanisha.