Mpaka Maharagwe Yaive

Mama alipoenda Taveta kumsaidia dada yangu Abby kulea, alisema atarudi mtoto akikaza shingo. Shingo ikakaza. Ikawa mpaka aketi, kisha mpaka atambae, na sasa Abby anasema mtoto humlilia nyanya yake hata akienda chooni. Simlaumu mtoto. Hata mimi ningelia, ila nina ndevu, na majirani wa hapa Kasigau wana macho.

Basi nikabaki na boma. Mbuzi, shamba la pojo, na nyani wanaoshuka kutoka mlimani asubuhi mapema kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Trevor, tuliyekaa naye dawati moja mpaka kidato cha nne, alishaenda Mombasa kutafuta kazi ya udereva. Wengine wako Voi. Kijana aliyebaki ni yule ambaye shamba la kwao lilikosa mtu mwingine wa kulilinda.

Mtu wa utani akikosa watu ana shida ambayo haina dawa hospitalini. Nilianza kuwatania mbuzi. Beberu mmoja nilimpa cheo cha naibu wa chifu, na kila asubuhi nikawa namuuliza amewafanyia nini wananchi. Siku moja nilimkanyaga kwato kwa bahati mbaya, nikamwomba msamaha, nikasimama pale nikingoja anijibu. Nilingoja kweli. Hapo ndipo nilipojua kwamba lazima nitafute binadamu.

Na binadamu wa karibu nilijua waliko. Kila Alhamisi kina mama wa kikundi cha vikapu huketi kwenye kibanda kando ya kanisa, wametandika mkeka mmoja mrefu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nilizoea kupita hapo na maji, naachia mzaha mmoja, wanacheka, nami naendelea na safari kwa sababu mtungi wa lita ishirini hauna subira. Alhamisi iliyofuata niliuweka chini, nikaomba nafasi kwenye mkeka.

Walicheka kuliko mzaha wowote niliowahi kuwapa. Aliyekosa kucheka ni mwenyekiti wao, Mama Wakio. Alinieleza kwamba mkeka ule una sharti, na hata mama yangu alilipitia: huketi mpaka ulete kikapu ulichokisuka mwenyewe, kuanzia uzi, kuanzia kitako, mpaka mdomo.

"Na sisemi huo mdomo wako," akasema. "Huo ulifika zamani."

Mama alikuwa ameacha nusu gunia la nyuzi za mkonge stoo, na juu yake donge moja la uzi wake uliokwisha kusokotwa. Kazi yenyewe nilikuwa nimeitazama tangu utotoni. Unachukua mkonge, unausokota pajani kwa kiganja mpaka unakuwa uzi. Unaanza kitako. Nyuzi nyingine zinasimama, na mbili zinazunguka zikipishana, mzunguko juu ya mzunguko. Nikajiambia hiyo ni kazi ya wiki moja, tena kwa mtu mvivu.

Nilianza kwa fujo. Niliketi toka asubuhi mpaka jua likashuka, mbuzi wakakosa maji, nyani wakala pojo bila kusumbuliwa na mtu. Jioni nikakiinua kikapu. Kilikuwa kimelegea, kimevimba ubavu, kimeinama upande kama mtu anayesikiliza mlangoni pa jirani. Uzi wangu ulikuwa umefunguka, unaota nywele. Nikakifumua chote.

Kesho yake nikaanza tena, nikafumua tena. Ikafuata wiki nzima sikugusa mkonge kwa hasira. Kisha nikaurudia kwa kishindo, siku mbili mfululizo, nikafumua. Na kila nikifumua nilikuwa nikijisemesha. Wewe ni bure kabisa. Mtoto wa msukaji hawezi kusuka. Ndiyo maana kila mtu ameondoka, nani akae na mtu kama wewe? Maneno hayo sikuyasema kwa sauti, kwa hiyo hata mbuzi hawakuweza kunitetea.

Kwetu network haipatikani mpaka upande kwenye jiwe kubwa lililo juu ya shamba. Jumapili moja nilipanda, nikampigia Trevor. Akaniambia ameanguka mtihani wa udereva, tena. Nilimtania, nikamuuliza kama walau alifanikiwa kufungua mlango wa gari. Akacheka. Halafu nikamwambia ukweli: kwamba siku zote anapokwenda kufanya huo mtihani huwa anatoka shifti ya usiku ya ulinzi, kazi aliyojishikiza nayo huko, na hakuna anayepita hivyo, apumzike kwanza, mkono utakubali. Alishusha pumzi mpaka nikaisikia.

Akaniuliza habari ya kikapu. Nikamweleza, na kwa vile ni Trevor, nikamweleza na yale ninayojiambia.

Akasema, "Mwandawiro, mbona mimi hukuniambia hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwamba mimi ni bure. Nimeanguka mara nyingi kuliko wewe."

Nilitafuta mzaha wa kumjibu. Huwa ninao wa akiba. Siku hiyo sikuupata, na simu ikakatika nikiwa bado nautafuta.

Niliteremka polepole. Nyumbani nikabandika chungu cha pure, mahindi na maharagwe makavu, chakula ambacho hakijui kuharakishwa na mtu. Nikaketi na mkonge kando ya moto, nikajiwekea amri. Nitasuka chungu kikiwa motoni. Maharagwe yakiiva, naweka chini, iwe vizuri, iwe vibaya. Na kufumua ni marufuku siku ile ile; atakayeamua ni mimi wa kesho, aliyekwisha kulala na kula.

Siku ya kwanza nilisuka kidogo tu, tena vibaya. Maharagwe yakaiva, nikaweka chini, nikala. Mkono ulikuwa unawasha kutaka kufumua. Nikaupa kijiko.

Shida yangu haikuwa simu, maana nyumbani simu ni tochi tu. Shida ilikuwa kichwa, ambacho kina network kila mahali. Nasuka, ghafla niko Taveta, namwona mama amembeba mtoto kati ya migomba. Nasuka, niko Mombasa. Mwanzoni nilijifokea kila nikijikuta huko. Baadaye nikaona mbuzi akiingia kwenye pojo huwa simkemei mpaka akajuta kuzaliwa. Namtoa tu, namrudisha kwa wenzake, na akirudi namtoa tena. Kichwa nacho nikakichunga hivyo. Siku nyingine kazi yote ilikuwa kuchunga, kusuka kukawa kidogo.

Lakini kikapu kikakua. Kililegea, ila kilikua, maana hakuna aliyekuwa akikirudisha nyuma.

Siku moja nilikuta sijasokota uzi wa kutosha, na chungu kimeshachemka. Nikachukua donge la mama. Mzunguko wa kwanza ukalala sawasawa, kama umepigwa pasi. Wa pili vilevile. Nikafurahi, kisha nikahuzunika, nikisema huo ndio mkono wa mama, mimi sitaufikia.

Ila kufikia siku hiyo nilikuwa nimejizoeza kutazama kilicho mbele yangu. Nikaweka uzi wa mama na wangu pamoja kwenye goti. Misokoto ya uzi wa mama ilipanda kuelekea kulia. Ya kwangu ilipanda kuelekea kushoto.

Mimi ni mashoto. Naandika kwa kushoto, nalima kwa kushoto, na mkonge nilikuwa nikiusokota kwenye paja la kushoto kwa mkono wa kushoto bila kuwaza. Lakini kupishanisha nilikuwa napishanisha kama nilivyomwona mama, mtu wa kulia. Kwa hiyo kila mzunguko vidole vyangu vilikuwa vikifungua kile ambacho paja langu limefunga. Miezi yote ile nilijitukana kwa kosa ambalo lilitaka tu kugeuzwa upande.

Nikajaribu kupishanisha kinyume, kwa uzi wangu. Ukakaza.

Nilisimama. Nilitaka kumwambia mtu. Niliangalia mlangoni, nikaangalia njiani, kulikuwa na jua na vumbi tu. Jiwe la simu lilikuwa mbali, na maharagwe yalikuwa yameiva. Nikaketi, nikapakua, nikala nikikitazama kile kikapu mbele yangu kama mgeni.

Sikukifumua. Nilikimalizia hivyo hivyo: kitako kilicholegea, pete ya uzi wa mama katikati, na juu yake kazi yangu iliyonyooka. Alhamisi nikakipeleka.

Kilipita mkono hadi mkono. Mama Nzembi, aliyekuwa akiketi karibu na mama yangu, akaweka kidole kwenye ile pete. "Huu uzi naujua," akasema. "Huu ni wa Mkamburi."

Ningeweza kuutania mpaka wakausahau. Nikasema ndiyo, ni wa mama.

Mama Wakio alikigeuza kikapu juu chini. "Mbona hukukifumua?"

"Nimefumua vingine mpaka mkonge ukachoka na mimi. Hiki nilikionea huruma."

Wengine wakacheka. Yeye akanirudishia kikapu mkononi, taratibu, si kwa kunisukumia. "Sharti linasema kuanzia uzi. Lete kingine, mwanangu."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu, na sikuwa na mtungi wa kusingizia. Niliyangoja yale maneno, bure, bure kabisa. Yalikuja, nami nikayajibu kama ningemjibu Trevor: kitako cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyekuwa bado hajajua mkono wake. Yakakaa kando kidogo. Hayakuondoka, ila yalikaa kando.

Kingine kilichukua muda. Siku za kuvuna pojo sikusuka kabisa, na sikujitoza faini. Mtoto wa Abby akaanza kutembea, na mama akasema sasa ndiyo hawezi kuachwa na mtu yeyote. Nikasema sawa. Nikabandika chungu.

Mvua za Novemba zilipoanza, nilikuwa tena mbele ya mkeka. Mama Wakio alikivuta kikapu huku na huku, akauchungulia uzi. Misokoto yote ilielekea kushoto, kitako mpaka mdomo. Alisema hajawahi kuona kikapu kinachozunguka upande huo, na mnunuzi wa Voi huenda akauliza. Kisha akasogeza miguu yake.

Niliketi kati yake na Mama Nzembi. Nilipoanza kusokota, kiwiko changu cha kushoto kikampiga Mama Nzembi ubavuni. Akasogea. Kikampiga tena. Wakanihamisha mwisho kabisa wa mkeka, upande wa kushoto, ambako kiwiko hakimpati mtu. Kutoka hapo nusu ya maneno yao ilinifikia na nusu ikachukuliwa na mvua juu ya mabati. Walikuwa wakizungumza habari ya binti ya mtu, kisha ya bei ya mahindi.

Baadaye Mama Nzembi akapaza sauti kutoka kule. "Wewe Mwandawiro, leo huna utani?"

"Ninao," nikasema. "Nimalize mzunguko huu kwanza."

Wakaendelea na mazungumzo yao. Nami nikaendelea na mzunguko, na ulikuwa mrefu, na hakuna aliyeniharakisha.