Kiwanja cha Dorika

Dorika aliutua mlango kutoka kichwani kwenye uwanja wa kijiji kipya cha Kinyangiri, shingo ikimuuma. Asubuhi mgambo walikuwa wamebomoa tembe la mama yake kule mbugani, wakasema kila mtu ahamie kijijini kabla ya mvua. Alichowahi kuokoa ni huo mlango na jembe. Udongo wa paa ulikuwa bado kwenye nywele zake alipopanga foleni ya viwanja.

Zamu yake ilipofika, akaomba kiwanja. Yeye ndiye aliyemlimia mama tangu alipomkimbia mumewe, Kefa wa kijiji cha Nduguti, aliyemvunja mkono kwa mpini wa shoka. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza mkuu wa kaya ni nani.

"Ni mimi," Dorika alisema.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaagiza kaka zake waitwe.

Isaka na Andrea hawakuwa wamesalimiana tangu baba yao azikwe. Siku zile waligawana ng'ombe wa mahari ya Dorika, kila mmoja akalalamika kwamba mwenzake kachukua majike. Sasa Kefa alikuwa ametuma ujumbe: anataka mke, au ng'ombe wake wote. Wakaja wameongozana.

"Huyu ana mume," alisema Isaka. "Kiwanja chake kiko Nduguti."

"Ndivyo, kama alivyosema kaka," Andrea akaitikia.

Dorika aliinua mkono wake uliopinda, mwenyekiti auone. Mwenyekiti alitazama pembeni, akasema mambo ya ndoa ni ya ukoo, yeye kazi yake ni kugawa ardhi. Akawapa kaka hao viwanja vilivyopakana, akawasifu mbele ya watu kwamba ndugu wakishikana namna hiyo, huo ndio Ujamaa wenyewe.

Jioni, kwenye kiwanja kipya cha Isaka, mama yao alisonga ugali wa unga wa njano wa msaada. Dorika alimfuata penye mafiga, akamweleza kwamba akirudi kule, safari hii Kefa atamuua. Mama aliendelea kusonga.

"Miaka yote hii nimemwomba Mungu kaka zako wapatane," alisema. "Wamepatana, mwanangu. Usiwatenganishe tena. Wapelekee maji ya kunawa."

Dorika alipiga magoti mbele ya kaka zake, akawamiminia. Isaka alimuuliza Andrea nani atampeleka dada yao Nduguti kesho.

"Tutakwenda wote wawili," Andrea alijibu.

Mama, aliyekuwa ameshika sahani moja ya ugali, wale wote wawili pamoja, akacheka kwa furaha. Mikono yao ilikuwa imekwisha kutakata. Dorika aliendelea kumimina, maji yakichuruzika ardhini, na hakuna aliyemwambia, "Basi, inatosha".