Maduhu na Barabara ya Majeruhi

Asubuhi ya Jumamosi moja ya Agosti, mwaka 1982, Generosa alikunja mguu wa kulia wa suruali ya mumewe hadi pale paja lilipoishia, akaubana kwa pini mbili alizoazima kwa jirani. Suruali ilikuwa mpya, ya kaki, imeshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Fundi alikuwa ameuliza kama ashone mguu mmoja tu ili kitambaa kisipotee bure. Generosa alimwambia ashone yote miwili, suruali ni suruali.

Mumewe aliitwa Maduhu. Alikuwa mkulima wa pamba katika kijiji cha Mwabugoye, kando ya barabara ya vumbi inayotoka stesheni ya Isaka kwenda magharibi. Alikwenda vitani upande wa Kagera pamoja na mgambo wenzake, akakanyaga bomu lililotegwa ardhini ng'ambo ya mpaka, akarudi na mguu wa kushoto peke yake. Kidonda kilimalizia kupona Kolandoto, na manesi wa hospitali ya misheni ndio waliomfundisha kutembea kwa magongo.

Siku hiyo barabara ilikuwa inapewa jina. Barua ya serikali ilisema kwamba kwa kutambua mchango wa waliojeruhiwa wakilinda taifa, kipande cha kilomita ishirini kitaitwa Barabara ya Majeruhi wa Vita. Mwabugoye ilikuwa na majeruhi wawili, Maduhu na Januari, ambaye kombora lilimpofusha macho yote mawili. Waliwekewa viti katikati ya barabara, malori yakasimamishwa pande zote mbili, na mgeni rasmi akahutubia kwa saa nzima.

Mgeni rasmi alipovuta kitambaa na kibao cha jina kikaonekana, Maduhu alisikia uzito upande wa kulia. Pini zote mbili zilifyatuka. Alitazama chini akaona mguu wake, umevaa buti la jeshi lililofungwa kamba hadi juu. Buti lilikuwa na tope bichi, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

Watu waliombwa kusimama kwa wimbo wa taifa, naye akasimama. Katibu kata, Ndugu Onesmo, aliyekuwa kando yake, alisogea kidogo kumpa nafasi. Upande wa pili Januari alikuwa akikisoma kibao kwa sauti ya chini. Alimgusa katibu begani akamwambia kwamba wameandika "Majeluhi". Onesmo alitazama, akakubali, akaandika kwenye daftari lake kwamba lirekebishwe.

"Umepoteza pini za watu," Generosa alisema sherehe ilipokwisha.

Wakazitafuta vumbini, wakapata moja.

Nyumba yao ilikuwa mbali kidogo na barabara. Maduhu alitembea kwenda huko akiwa ameyabeba magongo kwapani kama mtu aliyetoka kukata kuni, na alipolipita jiwe la mpaka alianguka kifudifudi. Mawe hayo yalikuwa nguzo fupi za saruji ambazo watu wa idara ya barabara walizizika kila upande kuonyesha eneo lao linapoishia. Nje ya jiwe mguu haukuwepo. Generosa alimsaidia kurudi nyuma hatua mbili, na mguu ukawepo, na buti, na tope. Walijaribu mara nne. Mara ya tano alikaa kwanza chini, akajisogeza kwa makalio hadi ng'ambo ya jiwe, akapewa magongo, wakaenda kula.

Januari naye alikuwa akiona ndani ya mawe tu. Siku ya kwanza alimleta mkewe barabarani, akamtazama kwa muda mrefu, akatazama na malori, na mbuzi, na mikono yake mwenyewe. Baada ya hapo alikuwa akija Jumapili tu, baada ya ibada. Aliulizwa kwa nini asije kila siku, akajibu kwamba yaliyopo ya kuona ameshayaona, na kwamba akirudi nyumbani inambidi ajifunze giza upya, kazi ambayo hataki kuifanya zaidi ya mara moja kwa wiki.

Maduhu hakuwa hivyo. Alfajiri alikuwa barabarani, na jua likizama alikuwa bado barabarani. Alitembea hadi kibao cha mwanzo, akageuka, akatembea hadi kibao cha mwisho. Alisukuma malori yaliyokwama. Msimu wa kulima ulipofika alilima kipande chembamba kati ya barabara na mawe, akapanda karanga na mtama, kwa sababu shamba lake la pamba lilikuwa nje na huko alikuwa mtu wa kuketi. Generosa alimpelekea chakula. Walikula wamekaa ukingoni, malori yakiwapulizia vumbi kwenye ugali.

"Baba Mageni," alimwambia siku moja, "mwanao anauliza kama umehama."

"Nimehamia wapi? Si mnaniona kutoka mlangoni?"

"Tunakuona. Ndiyo maana anauliza."

Maduhu alifikiri siku mbili, kisha akasema atajenga nyumba ndani ya mawe.

"Mimi niliolewa na mtu," Generosa alisema. "Sikuolewa na barabara."

"Mtu wenyewe yuko barabarani."

Generosa alimfikiria Maduhu wa nyumbani, aliyekuwa akimenya karanga kimya na kumsikiliza kwa makini kuliko alivyomsikiliza kabla ya vita, na akamfikiria huyu wa barabarani, mwepesi, asiyekaa. Alijaribu kujua ni yupi kati yao aliyekuwa mumewe, akaona kwamba anawapikia wote wawili.

Nyumba ilijengwa kwa wiki saba. Maduhu alichimba udongo mwenyewe, akaukanyaga kwa miguu yake miwili, akasimamisha miti, akafunga fito, akapanda juu kuezeka nyasi. Ilikuwa nyumba nzuri ya vyumba viwili, mlango wake ukiangalia malori. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, Generosa na Mageni walihamia humo na vyombo vyao vyote.

Jioni ile ya kwanza Maduhu alitaka kuvua mabuti. La kushoto, ambalo lilikaa chini ya kitanda tangu aliporudi vitani hadi alipoanza kutembea barabarani, lilitoka bila shida. La kulia lilikataa. Kamba zilikuwa zimefungwa fundo dogo, gumu, la namna ambayo hakuijua. Generosa alijaribu kwa kucha, kisha kwa meno, kisha kwa sindano ya kushonea magunia.

"Nani alikufunga hivi?"

Maduhu alilitazama fundo. "Kuna mwenzangu mmoja. Asubuhi ile ya bomu mikono yangu ilikuwa inatetemeka, akapiga magoti akanifunga. Mtu wa Songwa, alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya almasi. Alikuwa anatutania sana."

"Anaitwa nani?"

"Jina limenitoka," alisema.

"Alirudi?"

"Sijui. Alikuwa nyuma yangu."

Generosa aliweka sindano chini. Maduhu alilala na buti, na shuka zilichafuka tope, na asubuhi Generosa alizifua.

Baada ya mavuno alifika afisa mmoja kwa Landrova, mtu wa makamo aliyeitwa Cornel, akiwa na fomu za watu watakaopewa miguu ya bandia. Alikuwa ametumwa kwa anwani ya Maduhu, na anwani sasa ilikuwa barabarani. Alimkuta juu ya paa akiziba tundu.

"Namtafuta Ndugu Maduhu, majeruhi wa vita."

"Ndiye mimi," Maduhu alisema, akashuka.

Cornel aliitazama miguu, akaitazama fomu. Maduhu alimwomba waende pamoja hadi kwenye jiwe. Walikwenda. Maduhu alikaa, akajisogeza, na mguu ukaondoka. Cornel alichuchumaa akatazama pale ulipokuwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mpaka wa shamba.

"Nimeona," alisema. "Lakini fomu ina sehemu moja tu. Mguu upo, au mguu haupo. Niandike nini?"

Maduhu alifungua mdomo kujibu akagundua kwamba hajui. Kama angesema haupo, angekuwa amesema uongo nyumbani kwake. Kama angesema upo, angekuwa amesema uongo pale alipokaa.

"Unasemaje, mama?" Cornel alimuuliza Generosa.

"Andika kwamba anauhitaji."

"Hakuna sehemu ya kuhitaji."

Cornel aligeuza karatasi kuona kama nyuma kuna maelezo, na hayakuwepo. Mwishowe alisema fomu hujazwa mahali mtu anapoishi. Akaandika. Aliwaaga kwa heshima, akakataa karanga kwa kuwa safari ilikuwa bado ndefu.

Wiki tatu baadaye alikuja Shaaban, msimamizi wa barabara, mtu wa Tabora mwenye sauti ya upole, na kopo la rangi nyekundu. Alisalimia, akasubiri aitikiwe, akachora alama ya X kwenye ukuta kando ya mlango.

"Ndugu yangu, kujenga ndani ya mawe ni marufuku," alisema. "Una siku thelathini."

"Barabara hii ni yetu," Maduhu alisema. "Soma kibao."

"Jina ni lenu. Barabara ni ya watu wa barabara." Shaaban alifunika kopo lake. "Ila nimesikia kuna msamaha. Majeruhi akiomba kamati ya kata, anaweza kuachiwa."

Kamati ilikutana kwenye ofisi ya kata, mwendo wa nusu saa nje ya mawe. Maduhu alikwenda kwa magongo, shati limelowa jasho, akasimama mbele ya meza. Wajumbe watano walimwona ni majeruhi, na wakaandika hivyo. Onesmo, katibu kata, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao hicho, alisema kilichobaki ni kuiona nyumba yenyewe na kuthibitisha kwamba anayeishi humo ni huyu.

Walikwenda wote pamoja. Walipolipita jiwe Maduhu alisimama kwa miguu miwili na kuwafungulia mlango. Wajumbe waliingia, wakakaa, wakanywa uji. Onesmo alikuwa na uso wa mtu aliyesahau kitu njiani.

"Ndugu Maduhu," alisema, "wewe nakufahamu. Nilikuwepo siku ile. Lakini msamaha ni kwa nyumba inayokaliwa na majeruhi, na humu ndani sioni majeruhi."

"Tulikuwa naye ofisini," mjumbe mmoja alisema.

"Yule wa ofisini hana nyumba huku. Ana ile ya kule." Onesmo alionyesha kwa mkono nyumba ya zamani, iliyokuwa imeanza kuota majani juu ya paa. "Na ile haina alama."

"Kwa hiyo yule mmempa msamaha?" Generosa aliuliza.

"Tumempa."

"Wa nyumba ipi?"

Wajumbe walitazamana. Mmoja alisema jambo hili lipelekwe ngazi ya juu, mwingine akasema ngazi ya juu ndiyo iliyoleta rangi. Walimaliza uji, wakashukuru. Kwenye daftari iliandikwa kwamba ombi limekubaliwa na kwamba nyumba ibomolewe, na sentensi hizo mbili zikagongwa muhuri mmoja.

Siku ya thelathini na moja Shaaban alikuja na vibarua wawili badala ya sita, kwa sababu wengine walikuwa na homa. Greda ya kubomolea ilikuwa haina dizeli. Alikaa kwenye gogo akieleza kwamba hajui watafanyaje, na kwamba akirudi bila kubomoa atapata taabu yeye. Maduhu alimsikiliza. Kisha alipanda juu, akaanza kuteremsha nyasi za paa, kwa kuwa ndiye aliyejua zilivyofungwa.

Walifanya kazi hadi alasiri. Maduhu aling'oa miti, akaibeba begani mmoja mmoja hadi kwenye jiwe, na hapo Generosa akaipokea upande wa pili, akaiburuta hadi nyumbani. Mti wa mwisho ulikuwa mzito, nao waliushika wote wawili kwa muda, yeye ndani na mkewe nje, hadi Generosa akasema, "Achia, nimeshika." Shaaban aliandika kwamba nyumba imebomolewa na mwenye nyumba ametoa ushirikiano. Maduhu alitia sahihi, akakaa chini, akavuka.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeshika, majina ya waliojaziwa fomu za miguu ya bandia, pamoja na majibu yao, yaliletwa na kubandikwa mlangoni pa ofisi ya kata. Mageni aliyanakili akaleta nyumbani. Generosa alisoma kwa sauti, Maduhu akiwa kwenye kigoda anamenya karanga zilizotoka kando ya barabara.

"Namba kumi na nne, Maduhu, Mwabugoye," alisoma. "Amepona."

"Soma tena."

"Amepona."

Maduhu aliiweka karanga kwenye bakuli. "Lini?"

Generosa aligeuza karatasi nyuma, akairudisha. "Hawakuandika tarehe."

Barabarani honi ililia mara tatu. Lori lilikuwa limezama kwenye tope hadi ekseli, na dereva alikuwa amesimama juu ya boneti akiita watu. Maduhu alinyoosha mkono, Generosa akampa magongo, akaanza kushuka taratibu kwenda kusukuma.