Somo Dogo la Jeanine

Asubuhi ya Jumanne, Clotilde alikuwa akigeuza chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, juu ya mchanga wa Kashikishi, na binti yake Jeanine alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akisoma kwenye simu. Alikuwa akisoma kwa mbali katika chuo kikuu kimoja cha Amerika. Somo lake kuu lilikuwa afya ya jamii. Somo dogo lilikuwa utamaduni wa Walatino, watu wa Amerika wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Kihispania; humo historia, lugha, sheria, muziki na mapishi vilichanganywa, na wachuuzi wa samaki walikuwa wamelizoea kama walivyozoea mtandao unaokatika. Walimuuliza litamletea kazi gani. Alijibu kwamba hajui, ila mwanzoni kabisa alisoma habari za watu walioamka wakakuta mpaka umepita katikati ya ndugu zao, akawakumbuka watu wa Mwansabombwe wenye mashangazi ng'ambo ya maji, akashindwa kuacha.

Kazi ya mwisho ya somo hilo ilikuwa kuzungumza na Mlatino mzee aliyewahi kuvuka mpaka. Nchelenge nzima haikuwa na mtu kama huyo. Jeanine alikuwa akifikiria kuomba kazi nyingine wakati mtumbwi wa François, mfanyabiashara wa Kilwa ya Kongo, ulipogusa ufuo. Katikati ya mafurushi ya vitenge alikuwamo mwanamke mwenye mvi, gauni lake limelowa.

"Tulimukuta katikati ya ziwa," François alisema. "Anasema ile luga ya mutoto wako, ya ku telefone."

Jeanine alimsalimu kwa Kihispania. Mwanamke aliitwa Consuelo. Alikuwa amezama zamani katika mto wa mpakani, kati ya Meksiko na Amerika, akimfuata binti yake aliyekwenda kufanya kazi upande wa pili, na maji yalikuwa yamemchelewesha. Aliuliza huu ni upande gani.

"Wa Zambia."

"Huku nako wanataka karatasi?"

"Wanataka."

Consuelo akaketi mchangani kama mtu aliyezoea kusubiri.

Clotilde alimchukua nyumbani. Gauni halikukauka hata kwenye jua kali. Maji yalichuruzika kutoka kwenye pindo, kwa hiyo aliwekewa beseni chini ya kiti. Kila asubuhi beseni lilikuwa na samaki wadogo wa aina isiyojulikana Kashikishi, na Clotilde aliwakaanga pamoja na wengine. Consuelo naye alichukua unga wa bukari, yaani wa ugali, akaukanda, akachoma vimkate vyembamba juu ya bati. Majirani walikula na kusema chumvi haikutosha.

"Anakuita namna gani, huyu?" Clotilde alimuuliza binti yake.

"Mija. Ni kusema, binti yangu."

Clotilde alifikiri kidogo. "Aite tu. Nafasi iko."

Mazungumzo yalifanyika alasiri, uani. Jeanine aliuliza maswali kwa Kihispania, kisha akamtafsiria mama yake kwa adabu, asikae kama mgeni nyumbani kwake.

"Ulipoondoka kwenu ulibeba nini?"

"Viatu vya shule vya binti yangu," Consuelo alisema. "Nilijua havimtoshi tena."

Clotilde alikuwa akikata vichwa vya samaki. "Miye nilibeba sufuria, na weye mu tumbo," alisema. "Na mudogo wangu Deborah. Mutumbwi ulipinduka karibu na Mununga. Yeye hakufika."

Jeanine alishusha simu. Siku zote alijua kwamba mama yake alitoka Kongo. Hakujua lolote jingine.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniulizaka." Clotilde alifuta kisu. "Umuulize kama mu mai alimuonaka Deborah."

Jeanine aliuliza. Consuelo alitazama maji ya beseni, akitafuta. Alisema majini kuna watu wengi na yeye hajui majina yao. Lakini msichana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele ndiye aliyemshika mkono na kumwonyesha mtumbwi ulipo.

"Ni yeye," Clotilde alisema. Aliendelea kukata samaki, polepole, na Consuelo akasogeza kiti na beseni lake karibu naye.

Ijumaa alikuja Davies, afisa wa mpaka. Alisalimia kwa Kibemba, akavua kofia.

"Ba mama, huyu mugeni iko na karatasi?"

"Alishakufa," Clotilde alisema.

"Basi nione cheti cha kifo."

Hakikuwepo, kwa kuwa mwili haukupatikana. Davies alieleza kwa masikitiko kwamba asiye na cheti cha kifo huhesabiwa kuwa hai, na aliye hai bila kibali lazima arudi alikopandia chombo. Kisha alimwomba Clotilde, aliyemuuzia samaki tangu alipohamishiwa Nchelenge, amwonyeshe karatasi zake mwenyewe. Hakuwa nazo: Mwewa, marehemu mumewe, alimwandikisha Jeanine alipozaliwa, akafa kabla hajashughulikia za mkewe. Davies aliwasindikiza wote wawili hadi kwenye mtumbwi wa François. Beseni alilibeba yeye, kwa uangalifu, lisimwagike.

Jeanine alituma kazi yake. Mwalimu alijibu kwamba ilikuwa nzuri sana, ila sauti ya mama wa pili, Clotilde, iondolewe, kwa sababu si Mlatino. Kuhusu msimuliaji aliyekufa hakusema neno. Jeanine hakuondoa kitu, akapewa alama ya kupita tu.

Siku hizi Clotilde huvuka kutoka Kilwa siku za soko kwa kibali cha wachuuzi, ambacho huisha jua linapotua. Consuelo huja naye, ameandikwa pamoja na mizigo. Hula kwa Jeanine, kisha Consuelo hukaa nyuma yake na kumsuka nywele, na Clotilde hushika kitana, akinyoosha mstari unapopinda. Wanawake hao wawili huongea muda wote, kila mmoja kwa lugha yake. Davies anapopiga filimbi ufuoni, wanainuka. Kama upande mmoja wa kichwa haujakwisha, Jeanine hufunga kitambaa na kungoja siku ya soko.