Mlinzi wa Fuko

Basi la watoto lilitarajiwa saa tisa alasiri, na saa nane na nusu Muriel Raistrick alikuwa bado kwenye uzio wa shamba la jirani yao Alderson, mkasi mkononi, akiwakata fuko waliokufa kutoka kwenye seng'enge na kuwatumbukiza kapuni. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikimlowesha. Fuko walining'inia kwa pua, mmoja baada ya mwingine, viganja vyao vya waridi vimetanuka kama vya watu wanaoomba wasipigwe. Vidole vyake vya kizee vilikuwa vimekufa ganzi, na nusu ya uzio ilikuwa bado imejaa.

Aliyewatundika ni Wilf, mdogo wake, aliyeishi naye nyumba moja tangu wazazi wao walipofariki. Wilf alikuwa mtega fuko, kama baba yao, akilipwa na wenye mashamba kuwanasa wanyama hao wafukuao malisho. Na mtega fuko wa bonde lile hamwambii mwenye shamba "nimewanasa" akaaminiwa. Huwatundika uzioni, mwenye shamba apite ajionee kwa macho yake, ndipo washushwe. Uzio mtupu maana yake mtegaji mvivu, hata ajieleze vipi.

Muriel naye aliandika hadithi za fuko. Alikuwa na vitabu tisa juu ya Burdock, fuko shujaa, na ukoo wake chini ya ardhi, na watoto wa Uingereza nzima walilala navyo chini ya mito yao. Kila kitabu, ukurasa wa kwanza, kilikuwa na maneno yale yale: *Kwa Wilf, mlinzi wa fuko.* Wilf mwenyewe hakuwahi kufungua hata kimoja. "Mimi nawajua kwa mikono," alikuwa akisema. "Nikasome tena ya nini?" Basi ule uongo ukastarehe miaka thelathini bila bughudha.

Leo darasa zima linakuja kumwona mwandishi wao, na njia ya kufika nyumbani kwake inapita ubavuni mwa uzio ule.

"Dada! Unafanya nini?"

Wilf alikuwa amesimama langoni, kofia imemlowa chapachapa.

"Nawashusha. Jioni nitawarudisha."

"Alderson hajawaona bado!"

"Si ataona kesho."

"Anakuja leo! Nimekwambia mara ngapi, yule jamaa anayeua fuko kwa vidonge vya gesi anamzunguka kila siku? Akikuta uzio mweupe, mimi ndo basi tena."

"Watoto, Wilf. Wataona."

"Wataona nini? Kazi?"

Muriel aliukimbiza mkasi uzio mzima. Alikata kamba ya mwisho, akafunika kapu kwa skafu yake, akaondoka nusura akimbie. Wilf hakumfuata wala hakumpokonya. Tangu utotoni hakuwahi kumnyang'anya dada yake kitu. Hilo lilimuuma Muriel kuliko matusi.

Basi likapita salama. Watoto wakajaa sebuleni, wakala skonzi na jamu, wakamwaga maswali. Kapu lilikuwa chini ya meza, linamgusa mguu. Msichana mmoja aitwaye Nell, mwenye kitabu kilichochakaa pembe zote, akamwendea Wilf aliyejibanza kwenye mlango wa jikoni.

"Wewe ndiye mlinzi?"

Wilf alimtazama, kisha akamtazama dada yake. "Mlinzi wa nini, mjukuu wangu?"

"Skonzi zipo bado!" Muriel alidakia kwa sauti kubwa mno. "Nani hajapata?"

Kabla mtu hajajibu, mlango ukagongwa, akaingia Alderson na mabuti yake ya tope.

"Samahani, Bi Muriel, sikujua una wageni. Mzee Wilf, natoka kule chini sasa hivi. Uzio mtupu."

"Niliwanasa," alisema Wilf. "Niliwatundika."

"Wako wapi basi? Wamefufuka?"

Wilf alivua kofia.

"Mzee wangu, usinichukie. Malisho yote vichuguu vitupu. Nampigia yule wa gesi."

Wilf aliinamisha kichwa. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema. Muriel akaona wazi kwamba ndugu yake atanyamaza hivyo hivyo hadi kaburini, kazi yake imwendee mwingine, ili yeye asiaibike mbele ya watoto. Akapiga moyo konde. Alisogeza sahani, akavuta kapu, akamlaza fuko wa kwanza juu ya kitambaa cheupe cha meza. Kisha wa pili. Kisha wengine.

"Niliwashusha mimi," alisema. "Wilf aliwanasa wote. Hakuna mtegaji kama yeye bonde hili zima, Bwana Alderson. Na kila nilichowahi kuandika nimejifunza kwa fuko kama hawa, aliowaua yeye."

Mtoto mmoja akaangua kilio. Alderson alijikuna shingo.

"Nimeona," alisema. "Endelea na kazi, mzee." Akatoka haraka.

Mwalimu aliwakusanya watoto wake bila hata kuaga vizuri. Pale mlangoni mvulana mmoja aliweka kitabu chake sakafuni, na waliomfuata wakaweka vyao juu yake. Nell alikuwa wa mwisho. Aligusa kiganja cha fuko mmoja kwa ncha ya kidole, akakiangalia kwa muda, kisha naye akakiacha kitabu chake, pale pale mezani.

Basi lilipokwisha kuondoka Muriel alikaa kitini akalia waziwazi. Wilf aliwarudisha fuko kapuni, akapangusa mikono kwenye suruali, akavaa miwani. Akakichukua kitabu cha Nell.

"Yule mtoto kaniita mlinzi," alisema. "Nataka kujua kwa nini."

"Wilf, kiache. Nakuomba."

Alikuwa ameshafungua ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, midomo ikimchezacheza, akarudia tena.

"Miaka yote hii, dada," alisema. "Kumbe ulikuwa unanionea aibu."