Kamulieni Ndimu Ndani

Nyinyi wenye watoto wadogo, joto likizidi tengenezeni juisi ya ndimu, siwakatazi. Hata kwetu tunaipenda. Lakini someni hapa kwanza, maana kidogo nimpoteze wifi yangu kwa jagi moja la juisi.

Siku hiyo bati lilikuwa linachoma kama kikaango. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye anayekaa na mwanangu Kibonge nikienda kufua nguo za watu. Alitoa kigoda uani, juani kabisa, akaanza na ndimu zake. Mikono yake ni myembamba lakini kwa juisi hana mpinzani. Anasugua maganda na sukari mpaka sukari inukie, anaiyeyusha kwa maji moto kidogo, ndipo anakamua, anatia chumvi ya kuonja tu, anamalizia na maji ya mtungini.

"Wifi, ndimu zote hizo unataka kuogea?"

"Nakutengenezea wewe, labda ulimi utapata adabu."

Kibonge alikuwa ametoka kwenye beseni, mwili mtupu, akakimbilia kisu. Wifi akamdaka kwa mikono iliyolowa ndimu, akamrusha juu mpaka akacheka kwa sauti, akamwacha achezee maji palepale juani. Tukanywa. Ilikuwa tamu, sisemi uongo.

Kesho yake mtoto alikuwa mzima. Keshokutwa yake jioni namvua gauni, naona michirizi myekundu mgongoni. Kulipokucha imekuwa ya kahawia, na sasa inaonekana wazi kuwa ni vidole vya mtu, vimemshika huku na huku chini ya makwapa. Nikamwita baba yake.

Mume wangu ni fundi viatu, miguu ya watu anaipima kwa macho. Aliweka kiganja chake juu ya zile alama, kikazidi. Akachukua changu, hiki kilichotanuka kwa kufua, nacho kikazidi. Hakuhitaji kupima kingine.

"Umemfinya mtoto," alimwambia dada yake, kwa sauti ya chini.

"Sijamfinya, kaka."

"Kwa hiyo zimejichora?"

"Sijui zimetoka wapi. Ila sijamfinya."

"Kafungashe. Urudi kwa mama."

Wifi aliinuka. Alikwenda chumbani akaanza kukunja nguo, moja moja, kama anayekunja za mtu mwingine. Mimi nimesimama mlangoni. Mnanijua, mimi ni mwoga, mtoto akilala sana namwekea mkono puani nisikie kama anapumua. Nikajiuliza, na kama ni kweli? Nikienda kazini nikamwacha naye tena?

Basi Kibonge akaja, akapanda juu ya begi, akakaa. Halafu akamnyooshea shangazi yake mikono abebwe.

Nikafikiri, mtoto huyu hata paka aliyemparua mara moja hamsogelei tena.

"Wifi," nikasema, "kabla hujaondoka twende zahanati. Umbebe wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mgongo unaniuma."

Mgongo haukuwa unaniuma.

Nesi aliangalia mgongo wa mtoto, kisha akaangalia mkono uliombeba. Kutoka kwenye kifundo cha mkono wa wifi mpaka kiwikoni palikuwa na mchirizi wa kahawia, kama chai iliyomwagika ikakauka.

"Na wewe hii ni nini?"

"Mafuta ya kukaangia, nadhani."

"Mafuta yakikurukia si utaruka? Uliruka?"

Wifi akatikisa kichwa.

"Mlikamua ndimu juani?"

Tukatazamana. Nesi akatueleza kwamba maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, jua likayapiga, ngozi inaungua. Haiungui palepale, inakaa siku moja, mbili, ndipo alama inajitokeza mtu ameshasahau. Alitupa dawa ya kupaka na kusema mtoto asikae juani mpaka zififie.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, kiatu cha mtu kikiwa magotini pake, wifi akiwa amesimama palepale. Alikiweka kiatu chini. Alikwenda gengeni, akarudi na ndimu, akajifungia jikoni. Alipotoka shati lilikuwa limelowa jasho, na mikono inanuka sabuni. Akampa dada yake glasi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Akaonja. Uso wote ukajikunja.

"Kaka, sukari iko wapi?"

"Nimesahau."

"Basi siwezi kuondoka. Nikiwaacha mtatoboka matumbo."

Na akaenda kutoa nguo kwenye begi.

Kwa hiyo nawaomba, kamulieni ndani. Nawa kwa sabuni mpaka kiwikoni ndipo umshike mtoto. Akinywa, mfute mdomo na kidevu kabla hajatoka nje. Na ukiona alama ya mkono, nenda zahanati kwanza.

Za Kibonge bado zipo, ila zinafifia. Akiogeshwa hugeuza shingo kuzitafuta mgongoni, hazioni, basi humwita shangazi yake aje amwonyeshe. Wifi huja, huweka vidole vyake palepale vilipokuwa, taratibu, na Kibonge hucheka kwa kutekenywa.