Mkanda wa Cherehani

Nilikuwa nimelala chali chini ya cherehani, bisibisi mkononi, nikiuvua mkanda wa ngozi uliozungusha gurudumu lake kwa miaka thelathini na moja. Mama alisimama juu yangu, ameshika pembe ya meza.

"Unanikata miguu, mwanangu."

"Nakupumzisha, mama."

Siku ile niliona nimefanya jambo la maana. Magoti yake yalikuwa yamevimba, yakisaga kama changarawe kila alipoinuka. Nikamfungia mota, akawa anagusa tu kwa ncha ya mguu. Nikamkataza ngazi, nikamkataza kwenda sokoni. Baada ya miezi minne hakuweza kuinuka kitini bila mikono yangu miwili.

Mdogo wangu alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi. Sare zake zote, tangu siku ya kwanza ya shule, mama alizishona na kumvalisha mwenyewe. "Hii ya mwisho nitaipeleka kwa miguu yangu," alikuwa ameapa. Sasa hakuitaja tena. Kitambaa cheupe kilikaa kabatini, hakijaguswa na mkasi.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini, mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu, aliinua picha ya goti kwenye mwanga. Alieleza kuwa ncha za mifupa huvikwa gegedu laini ili zisisuguane. La mama lilikuwa limelika.

"Bitana imechakaa," mama akasema.

"Hasa. Na haishonwi upya, mama. Lakini iliyobaki inataka kulishwa, nayo haina mishipa ya damu. Goti likikunjwa na kunyooshwa, gegedu linabanwa, linaachiwa, linanyonya, kama sifongo. Na misuli ya paja ikilala, mzigo wote unaliangukia goti. Kazi yako ipi?"

"Fundi cherehani. Ya kukanyaga. Huyu hapa akaninyang'anya kukanyaga."

Yule mwanamke akanigeukia. "Kwa hiyo wewe ni dawa au ugonjwa?"

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

Jioni ile nikarudi chini ya cherehani, nikaurudisha mkanda wa ngozi. Mama alianza kukanyaga dakika tano asubuhi, tano jioni. Kisha kuinuka kitini bila kushika kitu: mara mbili, mara nne, mara kumi, akinihesabia mimi kwa sauti kana kwamba mazoezi ni yangu. Maumivu hayakuondoka. Yalisogea pembeni tu, kama mgeni aliyeona wenyeji wana kazi. Wiki ya saba nikasikia mkasi ukikata kitambaa.

Siku ya mahafali alishuka ngazi zetu ishirini na mbili, sare mkononi, mguu mbovu zaidi ukitangulia kama alivyofundishwa. Nikamnyooshea mkono.

"Huo mkono ubebe mkoba," akasema.

Ukumbini mdogo wangu aliinama ili mama amfikie kifungo cha shingoni.

"Simama wima," mama akamwambia. "Nimekuja kwa miguu."

Mama alitutoka mwaka jana. Moyo ndio uliomchukua, magoti yalimfikisha hadi mwisho. Watu wawili wamekuja kuulizia cherehani, nikawaambia bado ina kazi. Goti langu la kulia nalo limeanza kusema. Kila asubuhi nakaa kitini pake na kukanyaga dakika tano, bila uzi, bila kitambaa.